Shamba la Chanika na milioni 30: kikundi cha wapangaji kianzie wapi?

SWALI: Sisi ni kikundi cha wanachama 64 wa Keko, Dar es Salaam. Wengi ni wanawake na karibu wote ni wapangaji. Tumesajiliwa kama chama cha kijamii na tuna Sh 30 milioni benki. Tumepata shamba la ekari nne Chanika kwa Sh 28 milioni. Tunataka kila mwanachama apate kiwanja, kisha tukopeshane kujenga nyumba za gharama nafuu. Muuzaji anataka kishika uchumba cha Sh 5 milioni kabla ya mwisho wa mwezi. Tuendelee? Na je, tofali za kufungamana ndiyo njia ya kupunguza gharama?

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, hiyo milioni tano msiitoe bado. Shamba linaweza kuwa zuri, lakini hesabu ya ekari nne kwa watu 64 haifungi, na hata ikifunga mtabaki na Sh 2 milioni mkononi, fedha isiyotosha kulipeleka shamba hilo hadi liwe mahali pa kuishi watu. Swali la tofali nitalijibu, ila nimeliweka mwishoni kwa sababu kwenye nyumba ya mtu wa kipato kidogo kuta siyo zinazomshinda. Humshinda kiwanja, hati, maji, choo, nauli na riba.

Ekari nne zinatoa viwanja vingapi?

Ekari moja ni mita za mraba 4,047, hivyo ekari nne ni 16,188. Humo lazima zitoke barabara, njia za miguu, mtaro, mahali pa kisima au tangi na walau kipande kimoja cha wazi. Mpima makini atawatolea kama asilimia 35. Zinabaki mita za mraba 10,500 hivi. Mkigawa kwa viwanja vya mita 400, mnapata viwanja 26. Kwa mita 300 mnapata 35. Ili wanachama wote 64 wapate, kila kiwanja kisizidi mita za mraba 160, yaani mita 10 kwa 16.

Kiwanja cha mita 160 kinatosha kabisa nyumba ya vyumba vinne ikipangwa vizuri. Ugumu ni kwamba hakiidhinishwi kwa kawaida. Mfano wa karibu nanyi ni Chamazi. Wakazi waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, mwishoni mwa miaka ya 2000, waliungana kupitia shirikisho lao la vikundi vya kuweka akiba, wakisaidiwa na shirika lisilo la kiserikali la Centre for Community Initiatives, wakanunua ekari 30. Kiwango cha chini cha kiwanja wakati huo kilikuwa mita za mraba 400. Walikaa mezani na wizara mpaka wakaruhusiwa viwanja vidogo zaidi. Ruhusa hiyo iliokoa mradi kuliko punguzo lolote la saruji. Lakini walikwenda wakiwa na hoja mkononi: orodha ya kaya, mchoro, na mpango wa maji taka.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, nendeni kwa Afisa Mipango Miji wa halmashauri yenye shamba hilo mkiwa na mchoro wa mkono na maswali matatu. Eneo hili limepangiwa matumizi gani? Ukubwa gani wa kiwanja unaruhusiwa hapa? Kuna hifadhi ya barabara, bonde, bomba au njia ya umeme inayopita? Jibu la swali la pili likiwa mita 300 au zaidi na hakuna njia ya kuomba nafuu, basi shamba hilo ni la watu 35. Ni afadhali 29 waliobaki wajue sasa kuliko siku ya kupiga kura ya viwanja. Hapo ndipo vikundi vingi huvunjikia, na fedha ikishageuka shamba hairudi.

Jambo ambalo madalali hawalisemi: kwenye viwanja vya mita 160, kila nyumba haiwezi kuwa na shimo lake la choo na hapo hapo mkachimba kisima. Umbali unaokubalika kati ya shimo la choo na kisima ni mita 30 au zaidi, na kiwanja chenu chote kina urefu wa mita 16. Chamazi waliliona hilo mapema, wakaweka mabomba ya pamoja yanayopeleka maji taka kwenye bwawa la kuchuja lenye mimea. Ninyi mnaweza kuanza kwa karo (tangi la maji taka la chini ya ardhi) moja kwa kila nyumba nane. Watu 40, kwa lita 60 za maji machafu kwa mtu kwa siku, ni lita 2,400 kwa siku. Ongezeni nafasi ya tope, lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka mitatu kabla ya kunyonywa: lita 4,800. Jumla ni mita za ujazo 7.2. Karo lenye urefu wa mita 4, upana wa 1.3 na kina cha maji cha 1.5 linatosha, likigawanywa vyumba viwili. Liwekeni gari la kunyonya linapofika. Maana ya hili ni kwamba barabara moja ya ndani iwe na upana wa gari, na upana huo mmeshaukata kwenye ile asilimia 35.

Karatasi za shamba

Mhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mauziano yamefanyika mbele ya kiongozi. Hauthibitishi kwamba muuzaji ni mmiliki. Kama shamba lina hati, fanyeni upekuzi rasmi ofisi ya ardhi. Utaonyesha jina, muda uliobaki na kama kuna rehani au zuio. Kama halina hati, kazi ni kubwa zaidi: zungukeni na majirani wote wanaopakana, wasaini kwenye mchoro wa mipaka, na muulizeni kila mmoja peke yake shamba hili ni la nani.

Vitu viwili huangusha mauziano mengi kuliko utapeli wenyewe. Cha kwanza ni mirathi: marehemu aliacha shamba, watoto wakakubaliana kuuza, lakini hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Makubaliano ya kifamilia hayatoshi. Takeni barua ya usimamizi. Cha pili ni ridhaa ya mwenza, mke au mume, kwa maandishi na picha. Ikikosekana, mke anaweza kwenda mahakamani baada ya miaka miwili na akasikilizwa, na kwa haki.

Baada ya ununuzi kuna mchoro wa mipango miji, kuidhinishwa kwake, upimaji na bikoni (nguzo za mipaka), ramani ya upimaji kusajiliwa, kisha umilikishaji. Msimlipe mpima kwa siku wala kwa ahadi. Mkataba ugawe malipo kwa hatua: fungu dogo la kuanzia, lisilozidi asilimia 20, fungu la pili mchoro ukiidhinishwa, la tatu ramani ya upimaji ikipata namba ya usajili, lililobaki mkikabidhiwa nakala zote. Bikoni zilizosimikwa ardhini bila ramani iliyosajiliwa ni nguzo za zege tu. Zoezi la urasimishaji mijini limeacha mitaa mingi ikiwa na bikoni na bila hati, kwa sababu wakazi walichanga fedha yote mwanzoni na kampuni ikakosa sababu ya kumalizia.

Nani ashike ardhi?

Chama cha kijamii, kama mlivyosajiliwa, hakina mwili wa kisheria wa kumiliki ardhi kwa jina lake mpaka wadhamini wake wasajiliwe RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini. Kuandika shamba kwa jina la mwenyekiti, katibu na mhazini “kwa niaba ya kikundi” ni kosa ambalo huonekana siku mmoja wao anapofariki na warithi wanapokuja na nakala ya mauziano. Njia mbili ziko wazi kwenu: wadhamini waliosajiliwa, au ushirika wa nyumba chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, unaosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Wadhamini ni njia rahisi na ya haraka, lakini mwanachama wa kawaida anakuwa na sauti ndogo. Ushirika una ukaguzi na mikutano ya lazima, nao unachosha. Kwa watu 64 wanaoweka fedha ya maisha yao, mimi ningechagua uchovu huo.

Kisha amueni hili kabla ya bikoni ya kwanza: je, kila mtu atapata hati yake, au ardhi itabaki ya pamoja na nyumba iwe ya mtu? Huko Voi, Kenya, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni walichagua njia ya pili miaka ya 1990: ardhi ikashikwa na jumuiya, na mtu akamiliki nyumba yake juu yake. Faida yake ni kwamba tajiri hawezi kununua viwanja kimoja kimoja mpaka mtaa ugeuke wake. Hasara yake ni kwamba benki hazipendi dhamana ya namna hiyo, na kila mara kuna wanachama watakaodai hati binafsi thamani ikipanda. Katikati ya hizo mbili kuna njia inayofaa zaidi kwa mazingira ya Dar es Salaam: hati ibaki kwa ushirika kwa miaka ya mkopo, na katiba iseme kwamba mwanachama anayeondoka auze kwanza kwa ushirika, kwa bei ya alichochangia pamoja na thamani ya jengo kama itakavyokadiriwa na mthamini aliyesajiliwa. Bila kifungu hicho, tarajieni viwanja vya kwanza kuuzwa kabla paa la kwanza halijaezekwa. Na anayeuza si mbaya. Ana mtoto hospitalini.

Wanachama wote wanataka kuhama kweli?

Kabla ya kikao cha kuamua, fanyeni sensa ya wanachama wenyewe. Inahitaji watu wanne, wikiendi mbili na karatasi ya maswali kumi. Muhimu ni haya: anafanya kazi wapi, anatumia nini kwa nauli, anapata nini kwa wiki mbaya (siyo wiki nzuri), analipa kodi kiasi gani na kwa miezi mingapi mbele, watoto wanasoma wapi, nani mwingine anayemtegemea.

Chukueni mama lishe wa Keko anayelipa chumba Sh 60,000 kwa mwezi na kutembea kwa miguu kwenda kwenye meza yake. Akihamia Chanika na nauli ikawa Sh 1,500 kwenda na nyingine kurudi, kwa siku 26 ni Sh 78,000 kwa mwezi. Ameacha kodi ya 60,000 na kuchukua nauli ya 78,000, na juu yake rejesho la mkopo. Hapo hatujahesabu kwamba saa kumi alfajiri, anapotakiwa kuwasha jiko, usafiri ni wa shida. Mwanachama wa namna hii atachukua kiwanja, atakipangisha au kukiuza, na kurudi Keko. Mwalimu, fundi cherehani wa nyumbani au mstaafu hesabu yake ni nyingine kabisa, naye Chanika itamfaa.

Sensa ikimalizika mtaona makundi mawili, labda matatu. Wa kuhama wakiwa 30 au 35, ghafla shamba la ekari nne linatosha hata kwa viwanja vya mita 300. Ndiyo maana sensa inatangulia ununuzi. Waliobaki wanahitaji mpango mwingine, na mpango huo kwa fedha mlizo nazo ndio wenye matokeo ya haraka.

Kwa wanaobaki Keko

Nyumba nafuu ya Dar es Salaam ipo tayari: ni chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Ubovu wake ni choo kilichojaa, bati linalovuja, uwanja unaotuama maji na kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kikundi kinaweza kuvigusa vyote vinne kwa kumkopesha mwenye nyumba kwa masharti.

Mfano: nyumba ya vyumba sita, kila kimoja Sh 50,000, inaingiza Sh 300,000 kwa mwezi. Mnamkopesha mwenye nyumba Sh 1.8 milioni kwa choo kipya na kukarabati paa, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, miezi 18. Rejesho ni Sh 109,800 kwa mwezi, zaidi kidogo ya theluthi ya kodi anayopokea, na anaweza kulibeba. Masharti: kodi isipande zaidi ya Sh 5,000 kwa chumba kwa miaka mitatu, mpangaji alipe kwa mwezi au miezi mitatu, siyo sita, asiondolewe mpangaji wa sasa bila notisi na sababu iliyoandikwa. Mkataba usainiwe na mwenye nyumba, mwenza wake, wapangaji wote kama mashahidi, na uongozi wa mtaa.

Kwa nini kung'ang'ania kodi? Kwa sababu mtaa ukitengenezwa, kodi hupanda na aliyechimba mtaro ndiye anayehama. Hanna Nassif, Kinondoni, ni mfano mzuri kwa pande zote mbili: kuanzia 1994 wakazi walijenga mitaro na njia kwa mikataba ya jamii, mafuriko yakapungua sana, na thamani ya viwanja na kodi ikapanda. Kwa mwenye nyumba hiyo ni neema. Kwa wanachama wenu, ambao ni wapangaji, kuboresha bila mkataba wa kodi ni kujifungia mlango.

Mkopo huu una mahali pake pa kuharibikia. Fedha taslimu mkononi mwa mwenye nyumba hugeuka ada ya shule. Lipeni duka la vifaa na fundi moja kwa moja, kwa hatua. Anayesaini mara nyingine ni mlinzi wa nyumba au mtoto mkubwa, si mmiliki. Na nyumba yenye mgogoro wa mirathi msiiguse, hata kama choo chake ndicho kibaya kuliko vyote mtaani.

Kuhusu choo chenyewe: pale maji ya ardhini yalipo karibu, shimo refu hujaa maji masika na kumwaga uani. Inueni choo juu ya usawa wa ardhi kwa ngazi mbili au tatu na jengeni shimo fupi lililosakafiwa, la kunyonywa. Nyumba tano au zaidi zikikubaliana, fikirieni bomba la pamoja la plastiki la inchi 4, linalopita uani badala ya barabarani, kama lilivyofanyika Vingunguti. Mteremko usipungue sentimita 1 kwa kila mita 1 kwa mafundi wa mtaani. Wahandisi huweza kupunguza zaidi, lakini kosa dogo la kupima linazibisha bomba. Chemba ndogo kila kona na kila nyumba inapoungia. Mtego wa mafuta kwa kila jiko la biashara, la sivyo ugali na mafuta ya kukaangia samaki vitawafungia bomba kabla ya mwaka. Na zungumzeni na DAWASA, mamlaka ya maji safi na maji taka, kabla ya kuchimba, kwa sababu bomba lisilo na mahali pa kumwaga ni mtaro uliofichwa tu.

Mfuko wa kukopeshana

Kikundi kinachokopesha wanachama wake kinaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, na usajili wake hufanyika halmashauri. Limalizeni hilo kwanza.

Sasa hesabu. Tuseme mfuko wote wa Sh 30 milioni uwe wa mikopo ya Sh 3 milioni kwa miezi 36, riba asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Rejesho ni Sh 99,650. Mkitoza asilimia 1 hiyo hiyo juu ya mkopo wote mpaka mwisho, kama wafanyavyo wakopeshaji wengi, rejesho linakuwa Sh 113,300 na mwanachama amelipa riba karibu maradufu bila kujua. Andikeni kwenye mkataba ni riba ya namna gani.

Siku ya kwanza wanakopa watu 10. Marejesho yao ni kama Sh milioni 1 kwa mwezi, hivyo mtu wa 11 anapata baada ya miezi mitatu au minne, na mwendo unaongezeka polepole. Asipochelewesha mtu hata shilingi, katika miaka mitatu mnafikia watu 30 na kidogo. Mwanachama wa 60 anakopa mwaka wa sita. Wacheleweshaji wakiwa mmoja kati ya watano, mwaka huo wa sita unasogea mbele sana. Wanachama waonyesheni hesabu hii kabla hawajakubali, pamoja na foleni na kanuni ya foleni. Kura ya bahati ni ya haki lakini hailindi mfuko. Afadhali foleni ya pointi: miezi ya kuweka akiba bila kukosa, mkopo mdogo uliorejeshwa, na uhitaji.

Na hapa inaonekana kwa nini mkopo mmoja mkubwa ni mbaya. Toeni kwa mafungu: milioni 1 kwa msingi na kuta za chumba kimoja, akishalipa nusu anachukua fungu la pili. Anayeshindwa anashindwa kwa milioni 1, siyo kwa 3. Kipimo cha uwezo: rejesho lisizidi asilimia 30 ya kipato cha mwezi mbaya. Kwa rejesho la 99,650 anatakiwa kuingiza kama Sh 330,000. Kwa mwanachama mwenye nusu ya hapo, mkopo wa milioni 3 ni mzigo, na huruma ya kamati ikimpa, itamgharimu yeye na mfuko.

Ile mikopo isiyo na riba inayotolewa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 kisha ikarejeshwa. Msiiombe kwa ajili ya ardhi. Ni ya miradi ya uzalishaji. Iombeni kwa kikundi cha vijana wenu kitakachonunua mashine ya tofali na kuwauzia wanachama. Hapo inaingia vizuri.

Tofali za kufungamana

Tofali hizi za udongo na saruji kidogo, zinazoshikana bila udongo wa saruji kati yake, zinapunguza gharama, lakini siyo pale watu wanapodhani. Chukueni nyumba ya kuanzia: vyumba viwili vya mita 3 kwa 3, kuta za mita 2.7. Ukitoa milango na madirisha, kuta ni mita za mraba 52. Tofali la kufungamana la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 huenda 34 kwa mita moja, kwa hiyo pamoja na yatakayovunjika mnahitaji 1,860. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 65, ni mifuko 29. Tofali za mchanga na saruji za inchi 6 huenda 10 kwa mita: 550 pamoja na za kuvunjika, na kwa tofali 30 zinazostahili kwa mfuko ni mifuko 18 hadi 19. Mpaka hapo za kufungamana zimepoteza! Lakini kuta za tofali za mchanga zinadai udongo wa saruji wa kujengea, kama mifuko 6, na plasta nje na ndani, kama 10. Jumla inafika 34 au 35. Akiba halisi ni mifuko mitano hivi, pamoja na mchanga wa lori na siku za fundi wa plasta. Anayejenga kwa tofali za kufungamana kisha akapiga plasta pande zote amejenga nyumba ghali kuliko jirani.

Yote yanategemea udongo wenu. Pimeni kwa kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Pakeni mafuta ndani, jazeni udongo uliochekechwa na kuloweshwa, uacheni kivulini ukauke, kisha sukumeni vipande upande mmoja na mpime pengo. Chini ya milimita 15, uwiano ni ndoo 1 ya saruji kwa 18 za udongo. 15 hadi 30, moja kwa 16. 30 hadi 45, moja kwa 14. 45 hadi 60, moja kwa 12. Likizidi hapo, udongo una mfinyanzi mwingi. Changanyeni mchanga mpime tena. Hivyo ile hesabu ya tofali 65 kwa mfuko mtairekebisha kulingana na pengo. Tofali likitoka kwenye mashine likae kivulini, limwagiwe maji na kufunikwa siku saba, kisha lisijengewe mpaka zitimie wiki nne. Vijana wenye haraka huanika juani siku ya pili, na tofali hilo humong'onyoka kona masika ya kwanza.

Mstari wa kwanza tu ndio hulazwa kwenye udongo wa saruji, na lazima uwe sawasawa kabisa. Kosa la milimita 3 chini litaonekana kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) kama ukuta ulioinama. Lenta izunguke nyumba nzima, nondo nne za milimita 10. Kwenye ukuta ambao vyumba vya baadaye vitaungia, acheni meno, na ukuta huo uwe ndio mrefu, ili paa la awamu ya kwanza literemke upande wa pili. Wengi hufanya kinyume na awamu ya pili huanza kwa kung'oa bati.

Kishika uchumba

Mwambieni muuzaji mnataka siku 60. Kama shamba ni lake na hana presha isiyosemwa, atakubali kwa kiasi kidogo. Sh 1 milioni inatosha kuonyesha nia. Ilipwe kwenye akaunti ya benki yenye jina lake, siyo la dalali, kwa mkataba ulioandikwa na wakili wenu, wenye vifungu hivi: fedha inarudi yote kama upekuzi utaonyesha dosari, kama barua ya mirathi au ridhaa ya mwenza itakosekana, au kama Mipango Miji itakataa matumizi ya makazi, na katika siku hizo 60 hauzi kwa mwingine. Siku hizo zinatosha kufanya sensa, kwenda Mipango Miji, kuzunguka mipaka na kuanza usajili RITA au ushirika. Akikataa vifungu hivyo, liacheni shamba.